Kalamu ya Risasi Isiyo na Risasi

Fundi seremala wa mtaani kwetu hapa Tanga halitumii kabisa neno penseli. Ukimkuta ameinamia ubao, futi mkono mmoja na mkono wa pili unapapasa katikati ya maranda, atakwambia bila kuinua kichwa: "Mwanangu, hebu nitazamie kalamu ya risasi hapo." Ni kalamu nyekundu, bapa, kwa sababu ya mviringo ukiiweka juu ya ubao ulioinama hubingirika mpaka mvunguni. Haichongi kwa kichongeo. Huchukua patasi, akaisogeza juu ya mti mara nne au tano kama anayemenya muhogo, akapuliza, akagusisha ncha kwenye ulimi, kisha akapiga mstari.

Siku moja nilimuuliza risasi yenyewe iko wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi saa sita mchana, akanionyesha ile ncha. "Si hii nyeusi?"

Ndani ya ile ncha hakuna risasi hata chembe, wala haijapata kuwamo. Jina hilo ni kosa la zaidi ya miaka 400, na halikuanzia kwetu. Waarabu husema qalam rasas, nasi tukapokea kalamu na risasi vyote viwili kutoka kwao. Wajerumani husema Bleistift, na Blei kwao ni risasi. Waingereza nao, ile sehemu nyeusi ya ndani huiita risasi mpaka leo. Dunia nzima ilidanganywa na rangi moja, na ukifuata jinsi ilivyodanganyika unajikuta umepita kwenye mgodi wenye walinzi, kwenye vita vya Ulaya, na mwisho kwenye msitu wa Usambara.

Risasi ya kweli iliwahi kuandika. Warumi wa kale walitumia kipande cha risasi kuchorea mistari hafifu kwenye mafunjo, ili mwandishi wa wino aende sawa. Karne nyingi baadaye wanakili na wachoraji wa Ulaya walikuwa bado wanafanya vivyo hivyo. Risasi huacha alama ya kijivu, iliyofifia, tena ukiibonyeza sana hukwaruza karatasi. Kwa hiyo kilipopatikana kitu kinachofanana nayo lakini cheusi zaidi na laini zaidi, watu walidhani ni risasi ya aina bora. Hata wasomi wakakiita plumbago, jina lililotokana na neno la Kilatini la risasi.

Mahali kilipopatikana ni bonde la Borrowdale, kaskazini magharibi mwa Uingereza, karibu na kijiji cha Seathwaite, mahali penye mvua nyingi kuliko makazi mengine yote ya nchi hiyo. Ilikuwa katikati ya karne ya 16. Wenyeji wana hadithi yao: dhoruba iling'oa mti mkubwa mlimani, na chini ya mizizi wachungaji wakaona jiwe jeusi linalong'aa na kuchafua mikono. Hadithi tuichukue kama hadithi. Lililo hakika ni kwamba wachungaji walilitumia jiwe hilo kuwatia kondoo alama, na wakaliita wad.

Kitu hicho kwa Kiswahili tunakiita kinywe. Hupatikana sehemu nyingi duniani, lakini mara nyingi kikiwa magamba madogo yaliyotawanyika ndani ya mwamba. Borrowdale kilitoka kikiwa bonge gumu, safi, linaloweza kukatwa kwa msumeno likawa vijiti. Kwa muda mrefu hapakujulikana mahali pengine penye kinywe cha namna hiyo kwa wingi. Mtu alikata kijiti, akakizungushia uzi au ngozi ya kondoo ili kisimchafue, akaandika. Mwaka 1565 mtaalamu wa viumbe na madini wa Zürich, Conrad Gessner, alichapisha kitabu kuhusu mawe na visukuku, na ndani yake akaweka mchoro wa kifaa cha kuandikia: kishikio cha mti chenye kipande cha madini hayo kwenye ncha. Ndio mchoro wa kwanza wa penseli unaojulikana. Gessner alifariki kwa tauni mwaka huohuo.

Lakini thamani ya kinywe cha Borrowdale haikuletwa na wachoraji. Ililetwa na mizinga. Mafundi wa silaha waligundua kwamba ukipaka kinywe ndani ya kalibu ya kumiminia chuma, tufe la mzinga hutoka laini, la duara safi, na halishikani na kalibu. Kinywe hustahimili moto mkali, tena huteleza. Kwa hiyo mawe ya wachungaji yakawa mali ya vita, na bei ikapanda mlimani.

Nimekaa muda mrefu na habari za mgodi ule, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kufika kwenye migodi yetu ya vito atazielewa mara moja. Wachimbaji walipekuliwa wakitoka shimoni. Juu ya mlango wa mgodi ilijengwa nyumba ambamo walibadili nguo mbele ya wasimamizi. Mgodi wenyewe haukuchimbwa mfululizo: ulifunguliwa kwa muda, ikatolewa shehena ya kutosha, kisha ukafungwa ili bei isishuke. Wanakijiji walichokoa usiku kwenye vifusi, na magendo yakashuka mpaka mji wa Keswick. Mwaka 1752 Bunge la Uingereza likatunga sheria: kuiba kinywe, au kununua cha wizi, ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo na kazi ngumu au kusafirishwa ng'ambo kwenye makoloni. Watu walihatarisha kutupwa ng'ambo ya bahari kwa ajili ya kile ambacho leo mtoto wa darasa la kwanza hukivunja mara tatu kabla ya kengele ya mapumziko.

Wakati huo bado watu waliamini ni aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alithibitisha kwamba ni kaboni, ndugu wa makaa. Miaka kumi baadaye Mjerumani Abraham Gottlob Werner akakipa jina jipya, grafiti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika. Almasi nayo ni kaboni. Kinywe cha Mahenge na almasi ya Mwadui ni kitu kimoja kwa asili. Tofauti ni jinsi chembe zilivyoshikana. Kwenye almasi zimefungamana pande zote. Kwenye kinywe zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka imara peke yake lakini imeshikana kidogo tu na iliyo chini yake. Ukipitisha penseli kwenye karatasi, tabaka za juu huteleza na kubaki pale. Kila herufi iliyoandikwa kwa penseli ni tabaka za madini zilizolazwa juu ya karatasi, ndiyo maana unaweza kuifuta.

Sasa tufike kwa Nicolas-Jacques Conté. Huyu ndiye baba wa penseli tunayoishika leo, na nasikitika kila ninapoona vitabu vya shule vikimruka.

Alizaliwa mwaka 1755 Normandy, Ufaransa, katika familia ya wakulima. Alikuwa mchoraji aliyejifunza mwenyewe, tena mwenye mikono isiyotulia: leo picha, kesho mashine, keshokutwa maputo makubwa ya kuruka. Katika majaribio ya hewa ya haidrojeni mlipuko ulimpofua jicho la kushoto. Mwaka 1793 Ufaransa ya mapinduzi iliingia vitani na Uingereza. Biashara ikakatika, na kinywe cha Borrowdale kikakatika nacho. Nchi ilikuwa na maofisa wa jeshi, wahandisi na wachora ramani, lakini kalamu zao za risasi zilikuwa zinaisha. Lazare Carnot, mmoja wa viongozi walioshughulikia vita, akamtaka Conté atafute njia nyingine.

Kinywe ambacho Ufaransa iliweza kukipata kilikuwa cha vumbi. Wajerumani wa Nuremberg, ambao walikuwa wanatengeneza penseli tangu karne ya 17, walikwisha kujaribu kushikamanisha vumbi la aina hiyo kwa salfa na gundi, na penseli zilizotoka ziliandika vibaya na kukatika ovyo. Conté alifanya kama mfinyanzi. Alisaga kinywe kikawa unga laini, akakichanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, akakanda, akaunda vijiti, akavikausha, kisha akavichoma tanuruni. Vikatoka vigumu, vinavyoandika. Inasemekana kazi yote hiyo ilimchukua siku chache tu. Mwaka 1795 alipata hataza ya njia yake.

Ningependa msomaji afikiri juu ya ule udongo. Mama zetu wa Upare wanaofinyanga vyungu wanajua kwamba tabia ya chungu inategemea mchanganyiko na moto, na Conté alikuta jambo hilohilo. Ukizidisha udongo, kijiti kinakuwa kigumu na mstari unakuwa mwembamba na hafifu. Ukipunguza udongo na kuzidisha kinywe, kijiti kinakuwa laini na mstari mweusi ti. Kabla yake mtu alinunua penseli na kukubali chochote mlima ulichompa. Baada yake mtengenezaji aliweza kuamua. Herufi zilizopigwa muhuri kwenye penseli za watoto wetu zimetoka hapo: H ni ya ugumu, B ni ya weusi, na HB iko katikati.

Joseph Hardtmuth wa Vienna naye alifikia njia kama hiyo miaka hiyohiyo, na kiwanda cha wazao wake ndicho kilichotoa mwishoni mwa karne ya 19 penseli ya njano iliyopewa jina la almasi ya Koh-i-Noor. Njano za madukani zinafuata nyayo zake. Conté mwenyewe hakukaa kuhesabu penseli. Mwaka 1798 alikwenda Misri na jeshi la Napoleon, na vifaa vya msafara vilipopotea na kuharibiwa, akasimamisha karakana Cairo na kuunda upya zana na mashine kwa vilivyopatikana pale. Alifariki mwaka 1805, umri wake miaka 50.

Mengine yalifuata upesi. Huko Massachusetts, Marekani, Henry David Thoreau, yule mwandishi wa Walden, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha penseli, na ni yeye aliyeboresha usagaji na mchanganyiko mpaka penseli za kwao zikawa miongoni mwa bora nchini. Kifutio, kabla hata ya Conté, kilikuwa kipande cha mkate mpaka mwaka 1770, ambapo ilijulikana London kwamba mpira unafuta vizuri zaidi. Mwaka 1858 Hymen Lipman wa Philadelphia alipata hataza ya penseli yenye raba mwishoni, akaiuza kwa dola 100,000. Aliyeinunua alikwenda nayo mahakamani, na mwaka 1875 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kuunganisha vitu viwili vilivyokuwapo, kila kimoja kikifanya kazi yake ileile, si uvumbuzi. Mtu yule aliondoka mikono mitupu.

Ninachotaka kukaa nacho zaidi ni mti, kwa sababu hapo ndipo sisi tunapoingia, na habari hiyo haisimuliwi.

Penseli hutengenezwa hivi: kibao chembamba huchimbwa mifereji midogo sambamba, kila mfereji hulazwa kijiti cha kinywe, kisha kibao cha pili chenye mifereji hiyohiyo hufunikwa juu kwa gundi. Vikishikana, hukatwa kuwa penseli moja moja. Mti wake hauwi wowote. Ukiwa mgumu, kichongeo kinakwama. Ukiwa na nyuzi zilizopinda, huchanika na kijiti hukatika ndani. Unatakiwa mti laini, ulionyooka, unaokubali kisu kutoka upande wowote. Karne ya 19 uliopendwa ni mwerezi mwekundu wa Marekani. Waliukata mpaka ukaadimika. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanunuzi walikuwa wakizunguka Tennessee kununua kutoka kwa wakulima nyua zao za zamani za mwerezi, wakang'oa nguzo na fito wakapasulie penseli. Marekani ikahamia kwenye mwerezi wa California. Ulaya ikatazama Afrika Mashariki.

Kwenye milima yetu, kuanzia Usambara na Kilimanjaro hadi Aberdare na Mau, unaota mtarakwa. Wamasai huuita oltarakwai, Wakikuyu mutarakwa. Gome lake limepasuka kwa urefu kama kitambaa kilichochakaa, na moyo wa mti ni mwekundu wa hudhurungi, wenye harufu tamu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Wataalamu wa misitu walipoupa jina la Kiingereza waliuita mwerezi wa penseli wa Afrika. Jina lenyewe linaeleza waliuangalia kwa jicho gani.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Kijerumani ilijenga njia ya kamba za chuma kutoka msitu wa Shume, juu Usambara, hadi stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Nguzo zilisimamishwa kwenye majabali, na magogo ya mtarakwa yakashuka yakining'inia juu ya mabonde, kimo cha zaidi ya mita elfu moja, kwa njia ya takriban kilometa tisa. Chini yalipakiwa kwenye behewa, yakaja Tanga, yakaingia melini. Kenya nayo, katika utawala wa Waingereza, ilisafirisha vibao vya mtarakwa vilivyokwisha kupasuliwa tayari kwa viwanda vya penseli vya ng'ambo. Kwa hiyo kuna barua za Ulaya, hesabu za maduka na michoro ya nyumba iliyoandikwa kwa penseli iliyotoka kwenye misitu hii, na aliyeandika hakujua.

Vita haikuiacha kalamu hii. Mwaka 1942, kiwanda cha Keswick, chini ya milima ileile ya kinywe, kilitengeneza kwa siri penseli za marubani wa Uingereza waliokuwa wakiruka juu ya Ujerumani. Ndani ya mti hapakuwa na kinywe urefu wote: palifichwa ramani iliyosokotwa, na chini ya raba dira ndogo sana, ili aliyeangushwa aweze kutafuta njia ya kurudi.

Na kuna mtihani. Wengi wanaosoma makala hii walishika penseli ya HB mbele ya fomu ya majibu na kuambiwa waweke kivuli, darasa la saba Tanzania au darasa la nane Kenya. Kutumia penseli kwenye mitihani ya mashine kulianza kwa sababu ya kimadini. Miaka ya 1930 mwalimu wa sayansi wa Michigan, Reynold Johnson, aliunda mashine ya kusahihisha mtihani akitumia jambo moja: kinywe hupitisha umeme. Alama ya penseli ilikuwa waya mdogo juu ya karatasi, na mashine ikahisi umeme ulipopita. Kampuni ya IBM ilimwajiri na kuiingiza mashine sokoni mwaka 1938. Mashine za siku hizi husoma kwa mwanga, lakini penseli imebaki.

Nguvu hiyohiyo ya kupitisha umeme ndiyo iliyowarudisha watu kwenye kinywe leo. Betri za simu na za magari ya umeme zinakihitaji, na Tanzania inacho: Mahenge wilayani Ulanga, Ruangwa mkoani Lindi, na Mirerani, ambako tanzanaiti yenyewe imo ndani ya miamba ya kinywe. Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa huko, akitoka shimoni Mirerani hatoki na vumbi jekundu wala jeupe. Hutoka akiwa mweusi anayemetameta, kuanzia nywele hadi kucha, kama mtu aliyechorwa kwa penseli. Amepakwa kile ambacho watu wa Borrowdale walipekuliwa wasitoke nacho.

Nilikwenda duka la vifaa vya shule la mtaani kwangu nikazigeuza pakiti za penseli moja moja nione zimetoka wapi. China. India. Moja Ujerumani. Mti tulikuwa nao, kinywe tunacho, udongo wa mfinyanzi upo kila mkoa, na watoto wanaoanza kuandika wanazaliwa kila siku. Inaniuma, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Nilirudi kwa fundi nikamsimulia yote: wachungaji, mizinga, Mfaransa wa jicho moja, magogo ya Shume. Alizaliwa Lushoto, akashuka Tanga akiwa kijana kutafuta kazi. Aliposikia mtarakwa aliacha randa.

"Mti ule kwetu ulikuwa wa nguzo za ua," alisema. "Mchwa haugusi. Baba aliuchomeka kabla mimi sijazaliwa, na niliuacha umesimama."

Akachukua kalamu yake sikioni, akaitupia patasi mara nne. Vipande vikaanguka juu ya maranda ya mvule. Akainama, akaokota kimoja, akakivunja kati ya vidole na kukinusa, akanusa tena.

"Huu siyo," akasema. Akakidondosha, akagusisha ncha kwenye ulimi, akavuta futi.